Sista Bizunesh na Tumbo la Birtukan

Wasikilizaji wapendwa, Sista Bizunesh amefariki. Narudia, maana mwenyewe bado siamini: Sista Bizunesh, muuguzi wa zahanati yetu hapa Yirgalem, amefariki. Jumatatu asubuhi alikuwa akinawa mikono. Akakaa chini. Hakuinuka tena.

Leo tumkumbuke kwa kisa cha mama mmoja, Zenebech.

Zenebech alikuwa na binti wa miaka saba, Birtukan. Mtoto huyo alikuwa akichafua nguo kila siku. Zenebech akajua ni kuhara. Na kuhara, nani hapa kwetu hajui dawa yake? Kahawa iliyosagwa na asali, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Miezi minne! Nguo zikazidi kuchafuka. Chini ya kitovu pakatokea bonge gumu kama ngumi. Majirani wakasema ni uvimbe, mtoto apelekwe mjini akapasuliwe. Zenebech akambeba mtoto hadi zahanati, bibi yake mtoto nyuma yao.

Sista Bizunesh akasema, "Anywe maji, kisha mlaze hapa."

Hapa wapi? Kwenye kitanda cha ultrasaundi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo, kitanda cha wajawazito! Bibi akaruka. "Wee Sista! Huyu ana miaka saba! Unataka mtaa useme nini?"

"Mashine haina umbea, bibi. Hata wewe panda nikupime."

Wajawazito kwenye foleni wakaangua kicheko. Bibi hakucheka.

Sista akampaka mtoto ute wa baridi tumboni, akaonyesha kwenye kioo cha mashine. "Hiki cheusi ni kibofu, kimejaa mkojo. Nyuma yake ni utumbo wa mwisho. Ona ulivyotanuka, upana wa vidole vitatu! Hakuna uvimbe, Zenebech. Ni kinyesi."

"Kinyesi? Na huku anahara?"

Sista akamgeukia mtoto. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mfereji wangu umezibwa na jiwe, lakini maji hayakosi pa kupita."

Birtukan akashika tumbo lake. "Ni mimi?"

"Ni wewe, mwanangu. Umefunga choo. Kinachochafua nguo ni majimaji yanayopenya pembeni." Akamtazama mama. "Mnampa nini nyumbani?"

Zenebech mwenyewe kaniambia: "Nikamjibu, kahawa na asali. Miezi minne nilikuwa namziba mwanangu kwa kijiko, huku nambembeleza ameze."

Hakupasuliwa. Nasema tena, hakupasuliwa. Alipewa dawa ya kulainisha choo, akazoeshwa kukaa chooni kila baada ya kula. Sista akampima mwezi baada ya mwezi, hadi utumbo ukanywea. Leo Birtukan ana miaka kumi na tisa.

Kwa mzee Tadele, mumewe Sista, na watoto wenu: poleni, poleni sana. Nasi tuliobaki, mtoto akichafua nguo tusimchape, wala tusikimbilie asali. Apimwe kwanza.

Jana Zenebech alipita pale zahanati. Akaingia mama mmoja anahema, mtoto mgongoni. "Sista yuko ndani?"

Zenebech akampokea mtoto, akamwambia mama akae.