Mama Haikawii na Ulimi wa Kuazima

Ndugu na majirani mliosimama juani, huyu tunayemzika alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mfyatua matofali na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alipozaliwa alilia kidogo tu, akanyamaza, kama mtu aliyefika kutoka mbali na anataka kulala. Hakuwa mtu wa makelele, na ukubwani hakubadilika.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1964. Tusimpambe: masomo hayakumpenda, naye hakuyabembeleza. Hata somo la upishi lilimtoa jasho. Aliambiwa achemshe yai, akaenda kuchungulia dirishani, maji yakakauka, yai likapasuka kwa kishindo, darasa zima likaingia chini ya meza. Mwalimu akamwambia, "Binti, mumeo atakula mkate mkavu." Maneno yale yalimchoma. Alirudi nyumbani akakaa miguuni pa mama yake, akajifunza kuloweka maharage tangu jioni, na kukaanga kitunguu kwa moto mdogo bila kukikimbiza.

Januari 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare. Kazi yake ilikuwa vifungo, na alivishona mpaka alipostaafu Desemba 2006. Jioni alirudi miguu imevimba, akavua viatu mlangoni, akainjika sufuria kabla hajakaa. Chakula chake hakikuwa cha kutangazia watu. Wali na maharage. Viazi na kabichi. Siku mambo yalipobana, mayai na nyanya. Mkate ukikauka aliuloweka kwenye maziwa na sukari, akauoka mpaka juu ukawa kahawia, na watoto aliokuja kuwazaa wakagombania pembe. Wakimsumbua kwa njaa aliwajibu neno moja: "Haikawii." Ikakawia. Jina likamganda, hata majirani wakasahau lile la kuzaliwa.

Aliolewa tarehe 14 Agosti 1971 na fundi saa. Kijana huyo alikuwa amerudisha saa ya ukutani ya baba mkwe, wakati huo bado si mkwe, akakaribishwa ndizi za kukaanga zilizotoka motoni sasa hivi. Kwa adabu akatia kipande kizima kinywani. Machozi yakamtoka.

"Tema, kaka," binti akamwambia. "Hatutakucheka."

Akameza. Wakamcheka. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mshonaji na wa kiume dereva wa lori. Na fundi saa, mpaka uzeeni, hakuwahi kufika mezani kwa wakati. Mkewe aliwaambia wageni kwamba saa za mume wake zinafanya kazi katika nyumba za watu tu.

Mei 2020 alipatwa na uvimbe kooni. Matibabu yaliutuliza uvimbe, lakini yaliondoka na ladha. Wali, chai, chungwa, vyote vikawa kama kutafuna karatasi. Hakumwambia mtu. Aliendelea kupika kwa mazoea ya mkono, na mkono nao ulikuwa umechoka. Chakula kikaanza kufika mezani hakina chumvi kabisa. Nyumba nzima ilijua kuwa ladha imemtoka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Jumapili moja aliacha maharage motoni akatoka kuanua nguo. Fundi saa akanyata jikoni, akatia chumvi. Alipotoka akaingia binti, naye akatia. Mkamwana, mke wa yule dereva wa lori, akaja nyuma yao, na yeye mkono wake haukuwa mdogo. Mezani kila mmoja alipotia tonge la kwanza aliwatazama wenzake, akameza.

"Tamu, mama," akasema mkamwana.

"Tamu sana," akasema binti, akamimina maji.

Yeye hakusikia chochote ulimini, lakini macho alikuwa nayo. Alilitazama jagi likizunguka mpaka likakauka.

"Mbona mnakunywa kama ng'ombe waliovuka jangwa? Nani katia chumvi?"

Fundi saa akainua kidole. Binti akainua. Mkamwana akafunika uso kwa kanga. Wakacheka wote, naye akacheka mpaka akajifuta macho, halafu akaendelea kujifuta baada ya kicheko kwisha.

"Mama, pumzika sasa," binti akamwambia kwa upole. "Jikoni tutaingia sisi."

"Mkinitoa jikoni mtaniweka wapi? Kitandani? Nikangoje nini huko?"

Hapo ndipo mzee wa watu, ambaye katika ndoa yao hakuwahi hata kuepua birika, aliposema, "Mikono yako, ulimi wangu. Na chumvi asiiguse mwingine."

Basi akawa anafunga duka lake la saa mapema, anakaa kwenye kigoda karibu na jiko. Mkewe alichota mchuzi kwa mwiko, akamdondoshea kiganjani, akangoja.

"Imekolea?"

"Bado."

"Bado kidogo au bado sana?"

"Bado ya katikati."

"Jikoni hakuna bado ya katikati, mzee. Hiyo ipeleke kwenye saa zako."

Wakagombana hivyo kila jioni, wote wawili hoi, na chakula kikarudi kuwa chakula. Hakuna aliyethubutu tena kumwambia atoke.

Mwaka jana uvimbe ulirudi. Mikono ilianza kutetemeka, mwiko ukawa mzito kama mchi. Nyumba nzima iliogopa siku ya kumwondoa jikoni. Haikuhitajika. Tarehe 20 Agosti mwaka huu alizima jiko mwenyewe, akafuta meza, akamkabidhi mkamwana mwiko, akasema, "Leo pika wewe, mwanangu. Mimi nitakula." Kisha akavuta kiti akakaa, akapakuliwa wali na maharage kama mgeni. Alitafuna polepole. Mkamwana akauliza kwa woga kama imekolea. Marehemu hakumtazama mumewe. Akasema, "Imekolea, mwanangu. Niongezee."

Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 2 Septemba, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti na mwana, mkamwana, wajukuu watano, na kaka mkubwa ambaye alidhani yeye ndiye atakayetangulia. Alitulisha mpaka alipoamua mwenyewe kuwa imetosha. Dada yetu amechoka kwa haki. Apumzike kwa amani, na jikoni asihangaike, kuna mtu.