Atuganile, Nyigu na Mlango wa Baba Mkwe

Hakuwa na viatu alipoanza shule Kinyala. Hakuwa na baba. Hakuwa na hadubini mpaka alipofika chuo kikuu. Na alipoolewa Masukulu, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na ruhusa ya kumtazama baba mkwe wake usoni.

Tunamkumbuka Daktari Atuganile, mtafiti wa sumu ya nyigu, aliyefariki Jumatatu kwa maradhi ya figo.

Nyumbani kwa kina mumewe, Hezron, walishika mila ya zamani. Mkamwana hakutani na baba mkwe. Neno lolote hupitia kwa mama mkwe, Bi Felista.

Siku moja Atuganile akiwa likizo, baba mkwe, Mzee Nsajigwa, alikata mkungu wa ndizi uliokuwa na kiota cha nyigu. Wakamvamia. Akaanguka pale pale mgombani, uso umevimba, pumzi inakatika. Atuganile alikuwa na sindano ya adrenalini, aliyotembea nayo kwa ajili ya kazi yake. Bi Felista akamzuia.

"Nielekeze mimi, nitamfanyia."

"Mama, nikimaliza kukuelekeza atakuwa amekufa."

Akampita. Akamlaza mzee, akamchoma sindano pajani, akamwinua miguu. Mzee akapona.

Akapona, lakini akaona aibu. "Nimeshikwa miguu na mkamwana mbele ya majirani! Nitapita wapi?" Akampiga marufuku kukanyaga kwake. Marufuku hiyo ilidumu miaka tisa.

Bi Felista aliendelea kumtembelea Mbeya, alikofanyia kazi. Akamuuliza, sumu kidogo vile inaangushaje mwanaume mzima?

Mkwewe akamweleza hivi. Seli ina bawabu mlangoni. Ujumbe ukija, bawabu huupokea, kisha humwamsha mtumishi wa ndani, ambaye ni protini. Huyo akiamka, seli huanza kazi. Sasa, kuna kipande kidogo cha sumu ya nyigu kinachoweza kupenya ukutani na kumwamsha mtumishi moja kwa moja. Seli inamwaga kemikali zake, mwili unavimba. Narudia, wasikilizaji: bawabu hana habari. Zipo pia kemikali za kutengenezwa maabara zinazofanya vivyo hivyo. Atuganile alizilinganisha na sumu, akitafuta namna ya kumtuliza mtumishi huyo.

Bi Felista alicheka mpaka machozi. "Kumbe nyigu naye ni mkamwana kama wewe! Hana adabu, anaingia tu!"

"Lakini mimi niliingia kuponya, mama."

"Hilo kamwambie mwenyewe."

Hakuruhusiwa kumwambia.

Msiba ulipotokea, mama mzazi wa Atuganile, Bi Esnath, alisema wazi: "Waliomkataa akiwa hai hawatamzika. Mwanangu analala Kinyala."

Tunawapa pole Hezron, Bi Esnath na ukoo wote. Nasi tuliobaki tujiulize: heshima tunayodai majumbani mwetu inamlinda nani?

Jana Mzee Nsajigwa alikataa kumpigia Bi Esnath simu. Alisema ombi kama hili halipigiwi simu. Akaandika barua kwa mkono wake, na ameniruhusu kuyasoma maneno yake: "Bi Esnath, niliona aibu ya kuponywa. Naomba binti yetu alale kwangu, karibu na mahali nitakapolala mimi."

Akaikunja karatasi, akaifunga bahasha, akaibana gundi kwa kidole gumba. Kisha akamkabidhi dereva wa bodaboda, naye akaondoka kuelekea Kinyala.