Chuma Kilichongoja Jumapili

Ilikuwa Jumapili karibu na adhuhuri, mjini Cali, Kolombia, na Yurany alikuwa ameketi mwisho wa benchi linaloitazama jimu, akinywa kahawa chungu kando ya wazee watatu ambao ya kwao ilikuwa nusu sukari guru. Kwa miezi mitatu alikuwa amejinyima hadi mishipa ya mikono ikachomoza. Hata hivyo, Alhamisi tatu mfululizo, siku yake ya kuchuchumaa na chuma kizito begani, chuma kilikuwa kimemkalisha chini. Kocha alikwisha kutamka: kikimshinda tena, jina lake litafutwa katika mashindano ya kunyanyua vyuma mji wa jirani, Palmira. Kwa wiki aliruhusiwa siku moja tu ya kula wanga hadi ashibe, naye aliitumia Jumapili kwa shangazi yake, kisha akalala. Leo hakwenda; aliwaeleza wazee shida yake.

— Kwani siku ya nini? alisema Trompeta, mpiga tarumbeta mstaafu. Donoa kidogo kila siku. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Mzee, hiyo methali inakataza!

— Inanikataza mimi mwenye kisukari.

Chontaduro, dereva wa teksi ambaye tumbo lake husaidia kushika usukani, alicheka.

— Sikiliza, binti. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wali wa Jumapili unafanya kazi Jumanne.

— Mimi nabeba Alhamisi!

— Hapo wali umeshakuwa mwenyeji. Mwenyeji hatumwi.

— Ni mwezi, alidakia Profe, aliyewahi kufundisha fizikia. Mwezi huvuta bahari, na wanga una maji. Wewe kula mwezi ukipevuka.

— Na Palmira nayo ingoje mwezi, Profe?

Hapo ndipo shangazi Orfilia alipotokea, sufuria ya supu mikononi, sahani ya wali juu ya kifuniko, jasho usoni.

— Sahani yako inapoa, wewe umekaa na magunia haya!

— Shangazi, nisamehe. Siku ya kushiba inatakiwa iwe siku ya chuma kizito. Nashiba kwako Jumapili, Alhamisi nafika mtupu. Sitakuja tena.

Orfilia aliugeukia mlango wa jimu.

— Kwani Jumapili wanafunga?

Wazee waligeuka kutazama. Mlango ulikuwa wazi, kama Jumapili zote walizoketi mbele yake.

Yurany alikula palepale: mihogo, ndizi, viazi, wali. Mbavu zenye mafuta aliziacha. Chontaduro na wenzake hawakungoja kukaribishwa.

Alasiri, nyuso nne zikiwa zimebanana dirishani, Yurany alichuchumaa. Chuma kikashuka naye, kikasita. Kisha akainuka. Akashuka tena, akainuka tena, hadi kocha mwenyewe akapiga kelele:

— Palmira! Jina linabaki!

Trompeta alipuliza tarumbeta kwa mdomo mtupu. Chontaduro akajipiga kifua.

— Si nilisema? Mgeni apewe jembe!

— Yeye amepewa, alisema Orfilia, akiutazama mfupa mkononi mwa Chontaduro. Nyinyi mliokula mbavu, jembe lenu mnalishika lini?

Wazee walirudi benchini kuinamia vikombe vyao. Kahawa ilikuwa imekwisha.