Bibi Aliyetukaribisha Jumapili

Ukishuka kutoka sokoni hapa Biharamulo, ukampita fundi cherehani, utatukuta kwenye benchi. Kahawa ni ya Jovitha, ambaye huipika nzito mpaka kijiko kinasitasita kuingia. Wa kudumu tuko wanne. Yupo Philbert, tunamwita Balozi ingawa hajawahi kuwa balozi hata wa nyumba kumi. Anapenda tu kusimamia mambo ya watu. Yupo Ndikuriyo, tunamwita Mpaka, kwa kuwa aliuvuka ule wa Burundi akiwa mtoto na hajaacha kuusimulia, na mpaka leo 'l' yake mara nyingine humtoka 'r'. Gozbert, fundi pikipiki, ni Injinia. Mimi, mzaliwa wa Nyakisasa kule Ngara, wananiita Gazeti kwa sababu nasoma hata karatasi ya kufungia maandazi. Tangu Pasaka, kila Jumapili baada ya misa, tulikuwa tunatembea mtaa mmoja wa mji huu tusioujua. Wazo lilikuwa la Balozi. Alisema ni aibu mtu kuijua Kahama na Mwanza halafu asijue nyuma ya nyumba yake kuna nini. Jumapili hii jua limeshapanda, vikombe vimejazwa mara ya pili, na hakuna aliyenyanyuka.

Jovitha: Leo hamtembei?

Balozi: Mguu unanisumbua.

Jovitha: Mguu wako ndio unawazuia wote wanne?

Mpaka: Dada, mimina kahawa.

Jovitha: Simimini. Wiki nzima mnakaa hapa kama mmefiwa. Semeni kwanza.

Kahawa ya Jovitha huwezi kuipata kwingine, kwa hiyo nikamweleza. Jumapili iliyopita tulishika barabara ya Runazi, tukakata kushoto kwenye mikaratusi, tukapanda kilima. Juu kulikuwa na nyumba, na uwanja uliofagiliwa vizuri, na bibi amesimama mlangoni. Alitupokea kwa furaha kama mtu aliyekuwa anatungoja. Akatupa ndizi na maharage, vya moto, tukala tukashiba. Ilibaki sahani moja imefunikwa, hakuiandaa mbele ya mtu yeyote. Alipotusindikiza mpaka kwenye mikaratusi akasimama, akasema, "Jumapili ijayo mje na mwanangu. Msipomleta, nitakuja kumchukua mwenyewe." Sote tukaitikia, sawa mama.

Jovitha: Haya. Ni mama wa nani?

Balozi: Ndipo hapo.

Jovitha: Ndipo hapo nini? Mmekula kwa mtu msiyemjua?

Balozi: Mimi nilijua ni shangazi yake Injinia.

Mimi: Mimi nilijua ni ndugu yako wewe. Ulivyochukua kigoda bila kuambiwa!

Mpaka: Mimi nirijua ni mtu wa Gazeti. Nikasema watu wa Ngara wakarimu, nikara mpaka nikaongezwa.

Jovitha: Na jina hamkuuliza?

Balozi: Wewe Jovitha, mzee amekupa chakula, umuulize wewe nani? Umelelewa wapi?

Jovitha akamimina.

Jovitha: Alizungumza nini? Lugha yake si ingewaambia ni wa wapi?

Balozi: Kisubi. Tena Kisubi cha zamani, cha akina nyanya.

Mimi: Kihangaza, Jovitha. Nakuapia. Alinisalimia kama watu wa kwetu kabisa.

Mpaka: Kirundi. Cha mrimani, kama arichosema mama yangu.

Kwamba kila mmoja alisikia lugha ya kwao tulilijua siku ya Jumanne, tukalinyamazia. Injinia alikuwa mwisho wa benchi. Alikuwa amevaa shati la misa na viatu vimepigwa rangi, hana hata alama ya grisi kwenye kucha, na macho yake yalikuwa upande wa Runazi.

Jovitha: Na wewe, Injinia?

Injinia: Kihaya.

Jovitha: Lakini wewe Kihaya hukijui.

Injinia: Sikijui. Mama alikuwa Mhaya, akafa nikiwa kichanga, nikalelewa na Wasukuma. Hakuna aliyenifundisha neno. Na nilielewa kila kitu alichosema.

Hapo kila mtu akanywa kahawa yake kwa haraka, na ilikuwa ya moto. Balozi, ambaye hawezi kuona kimya bila kukisimamia, akaingia.

Balozi: Nimeshalichambua hili suala. Yule ni tapeli wa viwanja. Anakulisha, anakuita mwanangu, kesho unasaini.

Mimi: Tapeli gani anapika maharage mpaka yanaiva?

Balozi: Wa kisasa.

Mimi: Basi waambie na wale wa shambani.

Jovitha: Wa shambani gani?

Ikabidi niseme na hilo. Alhamisi nilipanda kule peke yangu, mchana kweupe. Uwanja sikuuona. Kulikuwa na majani mpaka kiunoni, na mama mmoja, Leonsia, anapalilia muhogo pembeni. Akacheka aliponiona. Akaniuliza, "Leo uko peke yako? Jumapili tuliwaona mmekaa kwenye majani, mnainama, mnaitikia, mnapeleka mikono mdomoni. Tukadhani ni walokole mnaomba, tukawaacha."

Jovitha: Yesu wangu.

Mpaka: Lakini nirishiba! Mtu hashibi majani.

Jovitha: Basi ni nini? Mtu aliyekufa?

Mpaka: Mimi nasema ni mama aliyepoteza mtoto wakati wa kukimbia vita. Zile njia zilikuwa na watu wengi. Mkono ukiachia, umeachia. Wengine bado wanangoja pale pale walipoachia.

Alisema hivyo akitazama viganja vyake. Mama yake Mpaka hakuvuka naye. Hilo analiruka kila anaposimulia, na sisi hatumuulizi.

Balozi: Hapana, sikilizeni. Sisi tumefanya nini tangu Pasaka? Tunaingia mitaa ya watu, tunachungulia nyua zao, hii nyumba ya nani, huyu kaoa wapi. Tumetembelea mji mzima. Sasa na sisi kuna mtu anakuja kututembelea. Wazo lilikuwa langu, najua, msinitazame hivyo.

Mimi: Kwa hiyo mji umekasirika?

Balozi: Sijasema umekasirika. Unarudisha ziara.

Mpaka: Au labda hatukurudi.

Jovitha: Nani hakurudi?

Mpaka: Sisi. Labda wale wa kwenye majani bado wamekaa, wanaitikia. Hawa unaowamiminia kahawa ni waliotumwa kuja kumtafuta mtoto.

Jovitha: Basi rudisheni vikombe vyangu.

Tulicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kilikatika njiani, na katikati yake Injinia akasimama.

Injinia: Mimi naenda.

Balozi: Kaa chini.

Injinia: Ile sahani ni yangu. Nina miaka arobaini, Balozi. Wewe umempigia mama yako simu leo asubuhi, nimekusikia, mnagombana habari za mbuzi. Mimi wangu hata picha yake sina. Aliponinawisha mikono aliniita mwanangu kwa lugha ya mama yangu, na nikaelewa. Unataka nikae hapa ninywe kahawa?

Balozi: Una mke na watoto, Injinia. Hakusema anakuja kukusalimia. Alisema kuchukua.

Injinia: Nilisikia.

Niliogopa sana, na sioni haya kusema. Injinia alikuwa anatabasamu. Nikamshika shati, Balozi akashika mkono, na tukiwa katika hali hiyo, watu wazima tunavutana barabarani Jumapili, sauti ya mwanamke ikatufikia kutoka nyuma.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu, tukaachiana.

Alikuwa dada mgeni, begani ana mkoba, viatu vyake vina vumbi jekundu. Akajitambulisha kuwa anaitwa Francisca, mwalimu mpya, amepangiwa huku kutoka Tukuyu mwezi huu. Alisema Jumapili hukosa la kufanya, kwa hiyo hutembea tu ili aujue mji.

Francisca: Samahani, hapa ndipo kwa Jovitha wa kahawa?

Jovitha: Ndipo. Karibu, mwalimu.

Francisca: Nimetumwa. Pale kwenye kona kuna bibi amekaa kivulini, anasema amechoka kutembea. Anasema mwanawe yuko kwenye benchi hili na amekuja kumchukua.

Kona ile unaiona kutoka kwenye benchi ukigeuza shingo. Hakuna aliyegeuza.

Injinia: Amesema nawe kwa lugha gani?

Francisca: Kinyakyusa! Yaani nimefurahi mpaka nikataka kulia. Tangu nije huku sijamsikia mtu akisema cha kwetu.

Injinia alikaa. Alikaa polepole, akashika magoti yake kwa mikono miwili, na lile tabasamu likamtoka usoni nikaona jinsi alivyozeeka.

Injinia: Amekuitaje, mwalimu?

Francisca: Mwanangu. Si ndivyo wazee wanavyoita kila mtu?

Alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama anavyowatazama wanafunzi wanaojua jibu lakini wana aibu.

Francisca: Sasa nikamwambie ni nani anakuja?

Balozi alitazama ndani ya kikombe chake. Mpaka alikuwa amevua kofia. Jovitha alisimama na birika, na mimi, ambaye mama yangu nilimzika Nyakisasa na udongo nikautupa kaburini mwenyewe, niliinamisha kichwa ili wasinione, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ni mimi.