Darubini Iliyovishwa Maua

KIRTANE: Haloo? Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

VAIDEHI: Mimi, Profesa. Vaidehi. Namaskar. Niko maabara.

KIRTANE: Maabara leo? Sikukuu ya vyombo vya kazi? Mji mzima wa Pune vimepumzishwa. Hata gari langu nimelivisha maua, haliondoki.

VAIDEHI: Ndiyo maana. Leo darubini haina foleni –

KIRTANE: Umeigusa? Jana tuliiombea, tukaivisha shada –

VAIDEHI: Shada nimelisogeza kando tu. Profesa, makala yetu usiyatume jaridani kesho.

KIRTANE: Mtandao mbaya. Unasemaje?

VAIDEHI: Umenisikia. Vile vichembe vyetu vinabeba protini ya dawa mpaka ndani ya seli, sawa. Lakini inabaki imefungiwa kwenye vifuko vidogo humo ndani. Haitoki, haifanyi kazi.

KIRTANE: Picha zako mwenyewe zinaonyesha seli nzima inang'aa kwa hiyo protini.

VAIDEHI: Picha za maiti. Siku zote tunapewa nusu saa ya darubini, kwa hiyo tunaziua seli kwa kemikali ya formalini zingoje zamu. Formalini inavujisha vifuko, protini inasambaa, sisi tunapongezana. Leo nimezitazama zikiwa hai, saa sita nzima. Mng'ao ni vidoti tu, mle vifukoni.

KIRTANE: Binti, jina lako ndilo la kwanza pale. Bila makala hayo, shahada yako ya uzamivu isahau mwaka huu.

VAIDEHI: Basi lifute.

KIRTANE: Mama yako keshagawa pedhe, vile vitamu vya pongezi, mtaa mzima –

VAIDEHI: Wameshakula, utamu wameupata.

KIRTANE: Usinijibu hivyo. Miaka minne yangu –

VAIDEHI: Na yangu. Kuna watoto wanaoingoja dawa hii, misuli yao inakwisha. Wazazi wao watasoma kwamba dawa imefika. Haijafika. Sisaini.

KIRTANE: Atasaini mwingine.

VAIDEHI: Na asaini. Video nimewatumia waandishi wenzetu wote sita.

KIRTANE: Haitoki... hata kwenye seli moja?

VAIDEHI: Hata moja. Njoo utazame mwenyewe. Bado ziko hai, ila simu yangu chaji inakwisha.

KIRTANE: Usizimwagie formalini –

VAIDEHI: Siui tena hata moja. Ukifika vua viatu mlangoni, shada bado lipo hapa me–

KIRTANE: Haloo? Vaidehi? [mkwaruzo] Haloo?... Sulabha, mke wangu, nipe ufunguo wa gari. Najua limevishwa maua. Yatoe.