Ngiri ya Baba Mkwe na Kamera ya Utumbo

“Mzee wenu kaficha ugonjwa wake,” daktari aliniambia, akivua glavu zenye kinyesi. Hapo uvumilivu ukaniishia. Ndani, baba mkwe wangu bado alikuwa analia, mpira wa kamera umekwama tumboni. Nikapiga kelele korido nzima ikageuka: “Hakuficha! Nilisema mimi! Ana ngiri kinenani!”

Ndugu zangu wa jumuiya, mnajua kwetu mkamwana hataji kinena cha baba mkwe. Mashemeji zangu waliinama wakitazama sakafu. Na sakafu yenyewe, nawaambia, ilikuwa chafu!

Nirudi nyuma. Mzee alianza kutoa damu chooni. Tukamshusha kutoka Machame hadi hospitali moja mjini, apimwe utumbo mpana kwa kamera. Ngiri anayo miaka mingi. Huirudisha kwa mkono, akaibana kwa kitambaa chini ya suruali. Nguo zake nafua mimi, ningekosaje kujua? Nikamnong'oneza nesi, mtoto wangu mgongoni. Akacheka. “Mama, tunapima utumbo, hatupimi ngiri. Kaa kwenye benchi.” Mzee hakuulizwa wala kukaguliwa.

Jamani! Kilichotokeza kwenye ngiri ile ni utumbo wenyewe! Hata mimi wa kidato cha nne najua. Kamera iliufuata mpaka ndani ya uvimbe, ikajikunja, ikakwama. Nikasikia mtu anasema, “Vuta tu,” kama wanamzalisha ng'ombe.

Kelele zangu zilimleta daktari mwingine, mama mtu mzima. “Acheni kuvuta! Ngiri iko upande gani?” “Kulia,” nikasema. Akaibonyeza kwa kiganja, taratibu, kamera ikarudishwa kidogo kidogo mpaka ikatoka. Utumbo ungetoboka, leo mngekuwa kwetu msibani. Baadaye ngiri ilifanyiwa upasuaji, kipimo kikarudiwa salama.

Namshukuru daktari yule, nanyi mliowakatia ng'ombe wetu majani tulipokuwa hospitali. Kipimo msikikimbie. Ila mwenye ngiri aseme kabla hajapanda kitandani, na wewe msemee mgonjwa wako hata akiwa mkweo. Wakicheka, rudia kwa sauti.

Mzee alipopata nguvu, nilikwenda naye kupeleka malalamiko kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali ile, kwa maandishi: nilitoa taarifa nikachekwa, mgonjwa hakukaguliwa, alivutwa huku analia, kuanzia sasa kila anayepimwa utumbo aulizwe kwanza kama ana ngiri.

“Nani shahidi?” mganga akauliza.

Baba mkwe, ambaye hajawahi kulitaja neno hilo mbele yangu, akainuka kwa fimbo yake.

“Ngiri ni yangu,” akasema. “Andika.”