Makrina Nampota na Bunduki ya Kuanzia

Wasifu wa marehemu, unaosomwa na mdogo wake kwa niaba ya familia. Mtua, Nachingwea, Jumatatu tarehe 29 Septemba 2025.

Marehemu Makrina Ladislaus Nampota alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Mtua, wilaya ya Nachingwea, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ladislaus Nampota na mama Agatha. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kutembea kabla ya kujua kukaa. Majirani walizoea kumrudisha nyumbani wakimkuta njia ya kisimani, njia ya mashineni, na siku moja kwenye njia kuu akiwa ameelekea Ruangwa. Hakuwa mtoro. Hakuweza tu kutulia akijua kuna jambo linaendelea mahali ambapo yeye hayupo.

Alisoma shule ya msingi hapa Mtua kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Nachingwea, na mwaka 1987 akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Huko ndiko alikoshika bunduki mara ya kwanza. Ilimpiga teke begani akakaa chini kitako, na wenzake walicheka hadi wakachoka. Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote, tena kwa kuonesha alivyoanguka, hata mbele ya wageni wa heshima na hata akiwa amevaa nguo za kanisani. Baadaye alisomea uhifadhi katika chuo cha wanyamapori Mwanza, akahitimu mwaka 1990.

Aliajiriwa mwaka 1991 kuwa askari wanyamapori Liwale, akahamishiwa Ruangwa mwaka 1996, na hapo alitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2023. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatoa tembo kwenye mashamba ya watu. Chai aliyoandaliwa marehemu mara nyingi ilinywewa na wengine, maana simu ikilia tu alikuwa amekwishavaa buti. Akienda uwanjani kutazama Namungo wakicheza, aliondoka mapumziko, eti kipindi cha pili atasimuliwa. Methali ya haraka haraka haina baraka hakuipenda kabisa. Alisema aliyeitunga hajawahi kuamshwa na tembo.

Ni tembo hao waliompatia mume. Mwaka 1997 aliitwa Nandagala, akamkuta kijana mkulima, Rashidy Kaimu, akipiga debe katikati ya mahindi yaliyolala chini. Kijana alimtazama, akauliza kama ofisi imekosa wanaume. Makrina alimjibu kwamba wanaume wapo, wamebaki kupiga debe. Walifunga ndoa bomani tarehe 12 Septemba 1998, kila mmoja akabaki na dini yake, na padre na sheikh wote walikuja kula pilau. Mungu aliwajalia watoto wawili, Doris na Uwesu. Mzee Rashidy anasema hajui kwa nini watu wanamhurumia kwa kuoa mke asiyekaa nyumbani, kwani kila aliporudi alirudi kwake.

Familia haiwezi kusimulia maisha haya bila kuutaja mwezi Julai wa mwaka 2019. Marehemu mwenyewe hakuuficha, na asingependa tuuruke. Mwaka huo alifundisha kozi ya kulenga shabaha kwa askari wanyamapori wa vijiji, na bunduki iliyokuwepo ilikuwa moja, ile kubwa ya tembo. Wanafunzi wengi walikulia kwenye nyumba zenye magobore. Gobore huwasha baruti karibu na jicho, kwa hiyo baba humfundisha mwanawe kufumba macho na kugeuza uso wakati wa kufyatua. Ukimpa mtu wa namna hiyo bunduki inayotingisha mwili mzima, woga wake unapata sababu ya pili. Makrina aliliona jambo hilo, lakini mashamba yalikuwa yanaliwa na tembo, watu wanalia, naye akaamua kwamba watazoea kazini.

Mmoja wao alikuwa Hemedy, kijana wa Nandagala. Alifumba macho, risasi ikampata tembo tumboni. Tembo aliyejeruhiwa aliingia porini, na kesho yake alimkuta dada yake mzee Rashidy, bi Mwanawetu, akichuma mbaazi, akamuua. Hapo kijijini wapo waliotaka Hemedy afukuzwe. Marehemu alisimama mbele ya msiba ule, shemeji zake wote wakimsikia, akasema, “Kijana msimguse. Mimi ndiye niliyempa bunduki isiyo ya kuanzia.” Wapo waliomsamehe siku hiyo hiyo, na wapo waliochukua miaka. Yeye mwenyewe hakuwa miongoni mwa waliomsamehe mapema. Kuanzia hapo alimchukua Hemedy kila alipokwenda, akamfundisha upya, na alitaka jambo moja tu kabla hajafa: wanafunzi wanaofuata waanze na bunduki inayowafaa.

Alistaafu, lakini kila wiki alikuwa ofisini. Mwaka huu wa 2025 ilipangwa kozi mpya kwa vijiji vya Ruangwa na Nachingwea, na afisa mpya, bwana Fidel aliyehamia kutoka Kagera, alikuwa na hoja yake. Alimwambia kwa heshima kwamba vijana hawa kazini watabeba ile kubwa, sasa kuwafundisha kwa ndogo si ni kuwadanganya. Makrina hakumbeza. Alimwomba waende uwanjani, bwana Fidel ampakilie ile kubwa, Makrina akiwa amempa mgongo, mara nyingine aweke risasi na mara nyingine aache tupu, bila kumwambia. Alitaka kumwonesha jinsi mtu aliyefundishwa vizuri anavyofyatua bila kutikisika, bunduki iwe ya ukubwa wowote.

Ya kwanza ilikuwa na risasi, na ilipiga katikati. Ya pili ilikuwa tupu. Bila mlio wa kuficha kitu, kila aliyekuwepo aliona mtutu ukiinama na bega la marehemu likiruka.

“Umeona, mwanangu,” alimwambia bwana Fidel. “Mimi ni wa siku nyingi, na bega langu bado linaogopa. Huyu wa gobore tutamwambia nini?”

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba kuonekana hakukumuumiza. Kilichomuumiza ni kutojua woga ule ulimwingia lini, na kama hata mwaka 2019 alikuwa akifundisha kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Bwana Fidel hakubishana tena. Yeye ndiye aliyekimbizana na vibali na polisi mpaka klabu moja ya kulenga shabaha ya Dar es Salaam ikakubali kuazimisha bunduki ndogo.

Wakati huo marehemu alikuwa ameshaanza kuugua. Mwezi Aprili aligundulika kuwa na saratani ya ini, na alitibiwa kwa vipindi hadi Agosti, akiwasumbua wauguzi kwa kuuliza saa ya kuondoka kabla hajafika kitandani. Daktari alipomruhusu aende nyumbani kupumzika, bajaji ilionekana ikielekea ghala la silaha. Doris aliyekuwa ndani yake anasema alijaribu kumzuia, na anayemjua mama yake hatamlaumu.

Bunduki tatu zilikuwa zimefika. Aliketi kwenye kiti, zikiwa tupu, akaziomba moja moja. Ya kwanza ilikuwa na mtutu mzito, akasema mwanafunzi atachoka mikono na kudhani amekosa akili. Ya pili ilijipakia yenyewe, akaikataa, kwa sababu mwenye risasi inayofuata tayari haifikirii aliyoipiga. Ya tatu ilikuwa fupi na nyepesi, ya kupakia risasi moja kwa mkono. Alimwita Nasma, mwanafunzi mdogo kuliko wote kwa umbo, akamwekea kitako cha bunduki kwenye kiwiko na kutazama kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Kikafika. Alisema ni hii, akaomba maji.

Hakuwahi kuisikia ikilia. Alirudishwa hospitali ya wilaya Ruangwa katikati ya Septemba, na hakukubali kulala. Alikaa amejiegemeza ukutani, akisema akilala atapitwa. Siku ya kwanza ya kupiga shabaha ilikuwa Ijumaa tarehe 26, mwalimu akiwa Hemedy. Marehemu alimtuma mume wake uwanjani, akamwagiza asitazame matundu kwenye ubao, atazame macho ya watoto.

Mzee Rashidy alirudi jioni, hajavua hata kofia, akaulizwa.

“Walifumba?”

Mzee huyu hajawahi kumdanganya mkewe, na hakuanzia siku hiyo. Alisema wote walifungua macho isipokuwa Nasma. Nasma alifumba, akageuza uso kabisa, kama baba yake. Hemedy alimshika bega, akamwambia ashushe bunduki, apumue, aanze upya, hakuna anayemkimbiza. Ikapigwa ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mzee alisogea mahali pa kuona vizuri, na macho ya binti yalikuwa wazi mpaka baada ya mlio.

Marehemu alimwomba arudie habari ya Nasma. Akarudia. Alimuuliza Hemedy alikuwaje, akaambiwa alikuwa mtulivu.

“Basi nilaze, baba Doris,” alisema.

Alilazwa, akalala kweli, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025 aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Marehemu ameacha mume, mzee Rashidy Kaimu, watoto wawili, Doris na Uwesu, wajukuu watatu, ndugu zake wa Mtua na mashemeji wa Nandagala, Hemedy, aliyemwita mwanangu, na darasa lake lote, walioketi pale nyuma. Mwalimu wao ameomba ruhusa ya kuahirisha mafunzo hadi arobaini ipite. Familia imekaa, imemjibu hapana. Vijana, mkirudi kutoka kaburini, kaleni, kalaleni, na kesho asubuhi muwe uwanjani.

Dada, hakuna kitakachokupita. Pumzika kwa amani.